Kuchanganya miziki ni ubunifu kweli ama ni mazoea tu? Tuanze na muziki wetu wa bango

mkisauni

Salaam kwa wote humu. Nimechoka, wallahi. Kila ukifungua redio kuna kijana yuwahojiwa ati yeye ndo mwanzilishi wa muziki mpya wa pwani, ukiusikiza ni amapiano ya Afrika Kusini chini halafu juu kuna mtu aimba sauti ya kitaarabu, ama ni drili, ile rapu ya kawaida, ngoma ya mwanzele ya Wamijikenda imetiwa pale mwanzo kidogo kisha ikatolewa haikuonekana tena. Mtangazaji naye badala ya kumuuliza maswali yuwampigia makofi. Sasa nauliza, kuchukua miziki miwili ilokuwepo ukaitia pamoja, huo ni ubunifu? Na hata tukisema ni ubunifu, ndo ushaacha alama ama ni wimbo mmoja umevuma ukapita?

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnitukane vizuri. Kuchanganya si ubunifu. Hapa kwetu kuchanganya ni hali ya kawaida, hakuna muziki wa pwani ambao haukuchanganywa. Taarabu yenyewe tunayoringia husemwa ni Sultani Barghash, yule alotawala Unguja 1870 hadi 1888, ndo alileta wapigaji wa Misri na akatuma mtu wake Cairo akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi, ikawa yaimbwa kwa Kiarabu huko kasri mpaka akaja Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili na 1928 wakapanda meli kwenda Bombay kurekodi. Hapo kuna udi wa Kiarabu, fidla ya Mzungu, mashairi yetu na sahani za santuri za India, vyote kwenye kitu kimoja. Beni nayo ilianza Lamu na Mombasa miaka ya 1890 watu wakiigiza bendi za manowari na za wanajeshi, sare na tarumbeta, hapa mjini wakagawanyika Kingi na Scotchi wakashindana vibaya sana. Kwa hiyo ukiniambia umechanganya, umeniambia tu kwamba watoka Mombasa.

Kipimo changu ni hiki. Je, mtu ambaye hakujui, hajawahi kukaa na wewe studio, aweza kuchukua kile ulichokifanya akakipiga kwenye wimbo wake yeye, na watu wakisikia mipigo michache tu wakajua hichi ni kitu fulani? Ikiwa ndio basi umeunda. Ikiwa bila ya wewe hakipigiki, una wimbo mzuri, hongera, lakini usituambie umeanzisha muziki.

Mfano wa aliyepita kipimo ni Mzee Joseph Ngala wa Frere Town. Bango ndo muziki alouanzisha. Mukiangalia viungo vyake hakuna hata kimoja ambacho ni kipya, saksafoni ilikuwepo, rumba ilikuwepo, taarabu ilikuwepo, ngoma za Wamijikenda zilikuwepo kabla ya sote. Na Frere Town penyewe ni mahali pa watu walochanganywa kwa nguvu, kijiji cha wamishonari cha 1875 cha watumwa waloachiliwa, Wayao, Wanyasa, Wamakua, na wengine walorudishwa kutoka India. Lakini leo nenda harusi Rabai, nenda Kaloleni, nenda Bombolulu, kuna bendi za vijana zapiga bango ambao Ngala hawajawahi kumuona kwa macho, na wazee wote wa ukumbini wajua pa kuweka mguu. Huo ndo mtindo.

Na mfano wa kinyume, msinipige, ni Jambo Bwana ya Them Mushrooms, 1982. Wimbo umezunguka dunia, Boney M waliuchukua, mpaka leo mtalii akishuka uwanja wa ndege Moi atauimba. Wimbo umedumu kuliko sisi. Lakini niambieni ni bendi gani iliyojifunza kupiga *kama* Jambo Bwana? Watu wameuimba wenyewe tu. Wimbo kudumu ni mambo mengine na mtindo kudumu ni mambo mengine.

Karibuni.

binti_kibokoni

Ndugu yangu mkisauni umeanza vizuri ukaharibikia kwenye kipimo. Kwa kipimo hicho chako Juma Bhalo wamueka wapi? Manake Bhalo tunajua wote, alikuwa achukua sauti za filamu za Kihindi nzima nzima, hazikuchanganywa hata, ni zile zile, akatia mashairi ya Kiswahili, mengine ya Ahmad Nassir ambayo ni mashairi mazito si mchezo. Kwa kanuni zako hakubuni chochote. Na mbona basi kila mwimbaji wa kiume wa taarabu ya Mombasa alokuja baada yake akivuta sauti wasikia Bhalo ndani? Wazee hapa kwetu wakiwekewa kaseti yake mpaka leo watu wanyamaza barazani. Kwa hiyo kuna mtu asiyebuni na ana athari kubwa. Na upande wa pili uko Zein l'Abdin, yule bwana wa Lamu, alipiga udi ambao wataalamu waliutambua hata nje, akarudisha na kuendeleza mipigo ya zamani ya Lamu, huo ni usanii wa hali ya juu, lakini vijana wangapi hapa mjini wapiga udi kama Zein? Nenda Mji wa Kale uwahesabu kwa vidole.

Kwa hiyo umeunganisha mambo mawili ambayo hayakai nyumba moja. Ubunifu ni kando, athari ni kando.

Halafu la pili, na hili laniuma zaidi. Wewe wataja Ngala, wataja Barghash, wataja Kingi na Scotchi. Chakacha iko wapi? Chakacha ni ya wanawake. Ni ngoma ya ndani ya harusi, wanaume hawaingii, kanga kiunoni. Lelemama vilevile, mama zetu walikuwa na vyama vyao, Ibinaal Watan na Banu Saada, wakashindana kwa nyimbo na mavazi na karamu mpaka mji ukagawanyika. Nao waliiga beni, waliiga kila kitu, wakatunga nyimbo mpya za kupigana vijembe kila msimu. Hao hawakurekodi. Kisha wakaja wenye bendi wakachukua pigo la chakacha wakalitia gita la umeme na dramu, kikawa kitu kipya, na jina lilobaki kwenye kaseti ni la bendi. Angalau Zuhura Swaleh alikuwa ni mwanamke mwenyewe, aliingiza chakacha kwenye taarabu ya Maulidi Musical Party pamoja na ile taishokoto, ala ya nyuzi yenye vibonye, sikizeni Jino la Pembe muone moto. Lakini nani alomfundisha pigo? Si studio.

Kwa hiyo nikisikia "fulani alibuni kwa kuchanganya" mimi nauliza kwanza, alichanganya vitu vya nani?

kijana_wa_magongo

Mafans wa zilipendwa mmeanza 😂 sasa mambo ya taarabu na beni nyinyi mwayataka sisi tufanyeje, turudi tuvae kofia za mabaharia?

Siriasi lakini. Mkisauni unaongea kama kuchanganya ni kitu rahisi. Hiphop yote imetoka wapi kama si kuchanganya? Kool Herc mtu wa Jamaika, Agosti 11, 1973 pale Sedgwick Avenue kule Bronx, akachukua rekodi za funk za watu wengine akazipiga kwa spika kubwa kama za kwao Jamaika. Hakupiga ala hata moja. Na leo dunia nzima ni hiphop. Chukua ile dramu ya bendi ya The Winstons ya 1969, sekunde chache tu, imekatwa ikawa muziki wote wa jungle wa Uingereza na maelfu ya nyimbo. Chukua singeli ya Dar, ni taarabu na mchiriku, ule muziki wa mitaani wa Dar, wameikimbiza mpaka unaona kizunguzungu, watu wazima wakasema hii ni kelele, sasa hivi wanaitwa matamasha ya Ulaya.

Kwa hiyo kuchanganya NDO ubunifu wa saa hizi. Hakuna noti mpya itakayozaliwa kesho asubuhi. Zote zishapigwa.

mkisauni

@kijana_wa_magongo hapo umenisaidia hukujua. Kool Herc hakuchanganya Jamaika na Bronx akakaa. Alifanya kitu kimoja mahususi, aliona watu wakicheza wanangoja pale ambapo waimbaji wananyamaza dramu inabaki peke yake, akachukua sahani mbili za rekodi moja akairudia sehemu ile ile tena na tena isiishe. Hicho ndicho kitu. Hata ungemuondolea Ujamaika wake wote, kile kitendo cha kurefusha pale mahali mtu mwengine aliweza kukijifunza kwa kuangalia tu, na walijifunza, haikuchukua muda mtaa mzima wafanya. Ni kile kile ninachosema, kuna kitu kimoja kidogo ambacho chaweza kung'olewa kikapandikizwa pengine.

Na hapo kwa Winstons ungemalizia hadithi. Gregory Coleman alopiga zile dramu alifariki 2006, hakuwa ameona shilingi ya maana kutoka kwa zile nyimbo zote. Athari ilikuwa yake, pesa zikaenda kwengine. Hili ni lile lile la binti_kibokoni la chakacha, na hapo nakubaliana naye kabisa.

Halafu reggaeton, ule muziki wa dansi wa Kilatini, hii ndo mfano ninaopenda. Steely na Clevie huko Jamaika wakapiga ridimu moja, yani biti ya kuimbia, 1989, Shabba Ranks akaiimbia Dem Bow 1990, ikaenda Panama na Puerto Rico na leo karibu kila wimbo wa reggaeton waenda kwa pigo lile lile, mpaka 2021 Clevie na warithi wa Steely wakaenda mahakamani kudai haki yao dhidi ya wanamuziki chungu nzima. Hiyo ni alama ya kweli, ikiwa dunia yaweza kushtakiwa kwa kukuiga 😅

Binti_kibokoni, kuhusu Bhalo, mimi sikusema hana athari. Nimesema kuchanganya si ubunifu. Bhalo hakubuni sauti, alibuni namna ya kuiweka tungo ya Kimvita ndani ya sauti ya Kihindi bila ya mizani kuvunjika, vina vikaanguka mahali pake. Jaribu wewe uone. Vijana wa leo wakiimba juu ya biti ya kigeni maneno yakatika katikati kwa sababu hawakuifanya ile kazi.

produsa_wa_mtwapa

Mimi nasoma kimya kimya lakini ngoja niseme manake hii ndo kazi yangu ya kila siku, na naona wote mwaongea kama kuchanganya ni kumimina tu.

Mteja aja studio, bro nataka taarabu juu ya amapiano. Sawa. Shida ya kwanza ni noti. Sauti nyingi za taarabu za kale ni bayati, ngazi ya noti ya Kiarabu, na bayati noti yake ya pili haiko kwenye kibodi ya kawaida, iko katikati ya vibao viwili, mpiga udi aipata kwa kidole kwa sababu udi hauna vizuizi shingoni kama gita. Mimi na kibodi yangu ama niisukume juu ama niishushe chini, na kila nikifanya hivyo ile huzuni yaondoka yabaki kama jingo ya tangazo la mafuta ya kupikia. Kuna kibodi za Kiarabu zina kitufe cha kuishusha noti nusu ya nusu, hizo ndo wapiga rusha roho, ile taarabu ya kisasa, wa Unguja na Dar wengi hutumia, lakini hapo tena kodi zako za amapiano, yani noti zinazopigwa pamoja, zile za kijazi zakataa kukaa nayo, ukizipiga pamoja wasikia kama redio mbili. Ndo maana maprodusa wengi hukimbilia hijazi, ngazi nyengine ya Kiarabu, hijazi yakubali kibodi. Kwa hiyo nyimbo hizi zote za "taarabu fyuzhen" unazosikia zatumia sauti moja ile ile, na watu wadhani ndo taarabu ilivyo.

Shida ya pili ni mwendo. Chakacha yatembea sita, amapiano yatembea nne. Sita waweza kuihesabu tatu mara mbili ama mbili mara tatu, na wale mama hucheza katikati ya hesabu hizo mbili, kiuno chafuata moja na mguu wafuata nyengine. Nikiilazimisha kwenye gridi ya kompyuta ya nne nne, mashine yaninyoshea kila pigo, chapuo, ile ngoma ndogo, yawa kama mtu agonga mlango. Hapo una njia tatu. Njia ya uvivu, weka chakacha mwanzo na mwisho wa wimbo kama mapambo, katikati amapiano yafanya kazi yake. Njia ya pili ua chakacha uinyoshe. Njia ya tatu, na hii nimesikia wachache sana waiweza, zima gridi, rekodi mtu apiga ngoma kwa mkono, halafu ile besi ya amapiano uipange ifuate mkono wa mpigaji badala ya mpigaji kufuata kompyuta. Ukifanya hivyo chatoka kitu ambacho si amapiano tena na si chakacha. Mara ya kwanza hakipendezi hata. Wateja hukataa, hunambia produsa mbona yayumba.

Kwa hiyo mkisauni mimi nasema ubunifu uko hapo tu, pale ambapo vitu viwili vyakataa kukaa pamoja na wewe walazimika kutafuta cha tatu. Kama havikukataa, hukuchanganya kitu, ulivieka karibu.

mrabai_halisi

Produsa umesema neno zito sana 👏🏾

Mimi naongeza ya bara kidogo. Benga, muziki wa gita wa Wajaluo. Wajaluo walikuwa na nyatiti, ala ya nyuzi nane, likaja gita, wakawa wapiga gita kwa mkono wa nyatiti, yani vidole vyataka kufanya kile vilichozoea kwenye nyatiti, gita lakataa, ikatoka ile mipigo ya kukimbia unayosikia kwa D.O. Misiani na Shirati Jazz. Hakuna aliyekaa kikao akasema leo nachanganya. Na angalia ilipofika, santuri za produsa Oluoch Kanindo zilienda Zimbabwe miaka ya 1970, watu wa kule wakauita muziki wenyewe Kanindo, ikaingia kwenye muziki wao wa sungura mpaka kesho. Mzimbabwe hajui neno moja la Kijaluo na gita lake laongea benga. Athari gani zaidi ya hiyo? Hapo nakupa kipimo chako mkisauni, chafanya kazi.

Afrobeat ya Fela wa Nigeria pia. Kila mtu atakwambia ni hailaifu, ule muziki wa dansi wa Afrika Magharibi, na jazi na funk. Sawa, watu wangapi Lagos na Accra walikuwa na viungo hivyo hivyo wakati huo? Wengi. Lakini Tony Allen, mpiga dramu wa Fela, alikuwa mmoja, ile miguu na mikono minne kila mmoja na safari yake. Toa mkono ule, wabaki na hailaifu yenye kelele.

binti_kibokoni

@produsa_wa_mtwapa hapo kwa kiuno na mguu umenena, umejuaje na wanaume hawaingii? 🤨

produsa_wa_mtwapa

Dadangu nililelewa na shangazi mpiga vumi, ile ngoma kubwa, tulikuwa twachungulia 😂😂

tumba_na_dumbaki

Vijana shikamooni kwa mlio wakubwa, marahaba kwa wadogo. Mimi nimepiga ngoma hoteli za Nyali na Diani na harusi za kila kabila la pwani hino tangu miaka ya themanini, na naona mwazungumza muziki kana kwamba waishi hewani. Muziki waishi kwa kazi.

Mombasa Roots walipotoa Disco Chakacha miaka ile, kila ukumbi kutoka Mtwapa hadi Likoni uliupiga, sikiza nawaambia kila ukumbi. Ule ulikuwa mchanganyiko wa haswa, produsa ungeusifu. Wapigaji wake walikuwa mabingwa. Na watu walijaribu kuufuata, si kwamba hawakujaribu. Ulikwenda wapi basi? Ulikuwa na nyumba mbili, disko na hoteli. Disko zikabadilika, hoteli zikapunguza bendi. Siku nyumba imefungwa, mwenye nyumba atalala wapi.

Bango ina harusi. Bango ina matanga. Bango ina kanisa limemaliza ibada ya shukrani watu watoka nje wala. Mzee akifa Rabai lazima kuwe na usiku, na usiku lazima kuwe na muziki ambao mjane aweza kuucheza bila kuonekana hana haya, bango yafaa hapo, rege haifai, amapiano haifai. Ndo maana vijana wajifunza kuipiga, si kwa kumuheshimu Mzee Ngala ingawa wamuheshimu, ni kwa sababu Jumamosi watalipwa. Mwanamuziki kijana ajifunza kile kinachomlisha.

Na chakacha ya kina mama bado iko kwa sababu hiyo hiyo, kupamba bibi harusi bado kuko. Ila sasa hivi nikiitwa naambiwa njoo na kibodi tu, pigo zishawekwa kwenye flashi, mpiga ngoma wa nini ala gharama. Kuna hoteli moja mimi nilipigia miaka mingi, meneja alikataza bango kabisa, ati wageni hawaielewi, tupige Jambo Bwana kabla ya chakula na baada ya chakula, na katikati reggae za Marley. Tulikuwa na nyimbo zetu wenyewe nzuri sana, mchanganyiko wa ngoma ya sengenya na jazi, twazipiga saa tisa alasiri wakati hakuna mtu, ukumbi mtupu, wahudumu wapanga viti. Hakuna alorekodi. Walokuwa wapiga nami wawili wameshafariki. Je huo ulikuwa ubunifu au haukuwa? Kwa kipimo chako mkisauni haukuwa, manake hakuna alouchukua. Mimi nakwambia ulikuwa.

mkisauni

Mzee tumba, hapo sina la kukujibu upande wa haki, una haki. Lakini umenipa kitu chengine kikubwa kuliko kipimo changu. Kumbe maswali ni mawili. Kuna kitu kimeundwa? Hilo laamuliwa na produsa pale vyombo vikikataana. Na je, kimepata pa kuishi? Hilo haliamuliwi na mwanamuziki hata kidogo, laamuliwa na harusi, na meneja wa hoteli, na mwenye duka la kaseti. Wakumbuka Mbwana Radio Service pale mjini, wao ndo walikuwa warekodi taarabu na kuuza, ni wao walofanya sauti za Mombasa zikafika Lamu hadi Unguja. Bila duka la kaseti Bhalo angebaki sauti ya harusi za mtaa fulani tu.

Rumba ya Kongo pia ni hivyo. Santuri za Kuba, zile zenye chapa ya GV, zilianza kuingia Afrika miaka ya 1930, na muziki wenyewe wa Kuba ulikuwa na damu ya Kongo ndani yake tangu zama za utumwa, watu wa Léopoldville, Kinshasa ya sasa, wakausikia wakaona kama wa kwao. Lakini ilihitaji baa, ilihitaji redio, ilihitaji studio za Wagiriki pale mjini kwao. Viungo peke yake havingetosha. Mwaka 2021 UNESCO wakaiweka kwenye orodha yao ya urithi, wakati huo ishakuwa babu yake kila mtu hadi Les Wanyika wetu wa Sina Makosa.

kijana_wa_magongo

Ok ok wazee mmenishinda na historia. Sasa niwekeeni hesabu ya sahi. Tangu 2000 hapa Mombasa. Nani kapita? Msinipe marehemu.

mrabai_halisi

Ukoo Flani.

kijana_wa_magongo

Hao ni hiphop tu, wamechanganya nini? Biti zao za boom bap za kawaida.

mrabai_halisi

Walichanganya boom bap na Kiswahili cha Mombasa cha ndani, na mtazamo wa mtaa wa huku. Kabla yao rapa wa Kenya akitaka kuonekana wa maana alirapu Kiingereza ama Sheng ya Nairobi. Baada yao vijana wa Kisauni na Likoni walijua lafudhi yao yatosha. Hiyo ni athari.

binti_kibokoni

Nyota Ndogo. Mimi namsimamia huyu mpaka mwisho. Watu na Viatu, sikizeni ile sauti, ni sauti ya mtu alolelewa na taarabu, yavuta mwisho wa mstari vile vile, lakini mwendo ni wa kisasa na maneno ni methali ya mtaani mtupu. Na haiko kwenye biti, iko kwenye koo. Wasichana wa pwani waloimba baada yake, wengi mwawasikia wafanya ule mvuto. Produsa twambie kama naongopa.

produsa_wa_mtwapa

Huongopi. Wakija studio wasichana hawasemi nataka kama Nyota, lakini wakianza kuimba ndo hiyo hiyo, hata hawajui wameitoa wapi. Na ile sauti haikatai kibodi kwa sababu yeye mwenyewe ashaitafutia mahali katikati ya bayati na meja, sijui kwa makusudi ama kwa sikio tu.

mkisauni

Basi mimi naungana na binti_kibokoni. Nyota Ndogo ndo wa karibu zaidi kwa wale wa baada ya 2000. Ukoo Flani nawapa heshima zote lakini hiyo ni athari ya lugha, nyimbo zao ukizipiga bila maneno waweza kudhani ni za popote duniani. Na wale wa redioni niloanza nao uzi huu hakuna hata mmoja bado, wacheni waendelee, mwengine yumo njiani labda.

tumba_na_dumbaki

Produsa, ile njia yako ya tatu, ya kuzima gridi. Mimi nina vumi na chapuo mbili, ngozi ni mpya. Nipo Frere Town. Amapiano yako siijui vizuri lakini nikiisikia mara mbili nitaipata. Waja lini?

produsa_wa_mtwapa

Mzee jumatano baada ya asri naja na maiki mbili na laptopu. Nikupe angalizo, itayumba.

tumba_na_dumbaki

Wacha iyumbe. Chukua namba kwa mkisauni, na mwambie binti_kibokoni alete shangazi zake waje wasikize kwanza, wakikataa kucheza twaanza upya.